Nguvu Yenye Jasho: Sinema ya Superman ya Mwaka 1941

Katika sanaa zote za zama hizi ni chache zilizodharauliwa na watu wenye elimu kama sinema ya kuchorwa. Mtu mzima akiambiwa akae kitako atazame picha zilizotokana na penseli na rangi, na tena picha za shujaa mwenye joho jekundu apitaye juu ya mapaa ya nyumba, huchelea kuchekwa akasema kuwa hayo ni mambo ya watoto. Dharau hiyo haikuzuka bure. Picha nyingi za namna hiyo zilifanywa kwa haraka na kwa gharama ndogo, zikauzwa kama peremende, nazo kama peremende ziliyeyuka zisiache kitu kinywani ila utamu wa kitambo. Lakini mizani ya haki hupima kila kitu kwa uzito wake wenyewe. Haiulizi kimezaliwa katika ukoo gani.

Miongoni mwa picha hizo iko moja, yenye urefu wa dakika kumi hivi, ambayo yastahili kutazamwa na mtu mwenye akili timamu, na kutazamwa zaidi ya mara moja. Jina lake ni Superman. Ilitengenezwa Miami, katika jimbo la Florida, na studio ya ndugu wawili, Max na Dave Fleischer, ikatolewa katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 26 Septemba 1941. Ilikuwa ya kwanza katika mfululizo wa picha 17 ulioendelea mpaka mwaka 1943. Thamani yake haiko katika ushindi wa shujaa, maana ushindi huo hujulikana tangu dakika ya kwanza. Thamani yake ni kuwa iliionyesha nguvu kama kazi: kitu chenye uzito, chenye kuchosha, chenye kudai mgongo na mikono. Kwa nini ilikuwa hivyo, na kwa nini sifa hiyo iliharibika katika picha zilizofuata, ni habari yenye funzo.

Yafaa kwanza ijulikane shujaa huyu alitoka wapi. Alibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, katika jimbo la Ohio: Jerry Siegel, aliyeandika hadithi, na Joe Shuster, aliyechora. Wote wawili walizaliwa mwaka 1914, na wote walikuwa wana wa Wayahudi waliohama Ulaya. Zama zile zilikuwa za dhiki kubwa. Viwanda vilifungwa, benki zilianguka, na mamilioni ya watu walikosa kazi. Vijana hao walizunguka na hadithi yao kwa miaka wakikataliwa na wachapishaji, hata mwaka 1938 wakaiuza, pamoja na haki zote za shujaa wao, kwa dola 130. Mwaka huo huo Superman alitokea katika toleo la kwanza la gazeti la hadithi za picha liitwalo Action Comics, lililouzwa senti 10. Nakala moja ya toleo hilo iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa dola zaidi ya milioni 3.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mhamiaji. Nyota moja ya mbali inakaribia kuangamia. Wazazi wanamtia mtoto wao katika chombo na kumpeleka duniani, akaokolewe na watu asiowajua. Mtoto huyo akikua anajificha katika sura ya mwandishi wa gazeti, mpole na mwenye miwani, aitwaye Clark Kent. Na watu aliopambana nao katika hadithi zake za mwanzo hawakuwa wafalme wa nyota nyingine. Alimfungia tajiri wa mgodi ndani ya mgodi wake mwenyewe ili aonje hatari aliyowaachia wachimbaji, na alibomoa mitaa ya vibanda ili serikali ilazimike kuwajengea maskini nyumba zilizo bora. Ilikuwa ndoto ya watu wanyonge waliotamani kuwa mahali fulani iko nguvu isiyonunuliwa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa maana ya ndoto hiyo. Pwani ya Afrika ya Mashariki imemhifadhi Fumo Liyongo kwa karne nyingi, mtu ambaye silaha za adui hazikumwingia, akafa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe. Hadithi ya mtu mwenye nguvu, po pote itungwapo, huandamwa na swali moja: nguvu hizo zina kikomo gani? Palipo na kikomo pana hofu, na palipo na hofu pana hadithi. Liyongo alikuwa na kitovu chake. Superman wa mwaka 1941 hakuwa na kitu kama hicho. Lile jiwe la kryptonite limdhoofishalo lilikuja kuingizwa katika mchezo wa redio mwaka 1943. Basi waliotaka kumwonyesha katika sinema walikabiliwa na taabu ya kweli. Mtu asiyedhurika na kitu, mtazamaji atamwogopea nini?

Taabu hiyo iliangukia mikononi mwa watu waliojua kazi yao. Max Fleischer alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Kraków, uliokuwa wakati huo chini ya utawala wa Austria, akachukuliwa New York angali mtoto. Dave alizaliwa New York mwaka 1894. Max alikuwa fundi wa mitambo kadiri alivyokuwa mchoraji. Mwaka 1917 alipewa hati ya uvumbuzi kwa chombo alichokiita rotoskopu, ambacho kwacho filamu ya mtu halisi humulikwa kwa nyuma, picha moja baada ya moja, juu ya kioo, na mchoraji hufuata kwa penseli mwendo wa mtu yule. Dave alivaa nguo za mchekeshaji akacheza mbele ya kamera, na kutoka katika mwendo wake akazaliwa Koko, mchekeshaji wa kuchorwa. Baada ya Koko wakaja Betty Boop na baharia Popeye, na kwa muda studio ya Fleischer ilikuwa mshindani mkubwa wa Walt Disney.

Lakini palipo na kazi nyingi hapakosi malalamiko ya kazi. Mwaka 1937 wafanyakazi wa studio hiyo huko New York, waliolalamikia ujira mdogo na saa nyingi, waligoma kuanzia Mei hadi Oktoba. Ulikuwa mgomo mkubwa wa kwanza katika kazi ya sinema za kuchorwa. Mwaka uliofuata studio ilihamia Miami, mbali na vyama vya wafanyakazi, kwa fedha zilizokopwa kwa kampuni ya Paramount iliyozisambaza picha zake. Huko ilitengenezwa picha ndefu ya safari za Gulliver, iliyotolewa Disemba 1939. Deni likakua, na ndugu wawili wale wakafarakana hata hawakusemezana vema. Mnamo Mei 1941 Paramount iliishika studio mikononi mwake, na ndugu wale wakabaki kama watumishi katika nyumba waliyoijenga wenyewe.

Ni katika hali hiyo walipoagizwa wamtengeneze Superman. Dave alisimulia baadaye kuwa hakuitaka kazi hiyo, kwa kuwa alijua ugumu wake. Ili kuikwepa alitaja bei ya kutisha, dola 100,000 kwa picha moja fupi, akitumaini kuwa Paramount itakata tamaa. Paramount haikukata tamaa, ilipunguza tu. Picha ya kwanza ikapewa dola 50,000, na zilizofuata dola 30,000 hivi kila moja, fedha nyingi mno kwa katuni za siku zile. Hivyo bei iliyotajwa kwa kukataa kazi iliwapa wachoraji kitu ambacho wachoraji wa katuni hawapewi ila kwa nadra, nacho ni nafasi ya kufanya kazi bila pupa.

Yafaa kueleza kazi hiyo ilikuwa kazi gani. Katika sinema hupita picha 24 kwa kila sekunde, na kwa hiyo dakika 10 ni picha 14,400. Mchoro mmoja mara nyingi hupigwa picha mbili, lakini hata hivyo huhitajika maelfu ya michoro. Kila mmoja hufanywa kwa penseli, hunakiliwa kwa wino juu ya karatasi ya selulodi, hupakwa rangi kwa nyuma, kisha huwekwa juu ya mandhari iliyochorwa mbali na kupigwa picha. Mchekeshaji wa katuni huvumilia mkono uliokosea kidogo. Umbo lake ni kama mpira, nalo likinyooka au likifinyika watu hucheka. Superman alikuwa na mwili wa binadamu, na macho ya binadamu hulijua kosa la mwili wa binadamu upesi sana. Tena mwili huo ulitiwa kivuli, na kivuli kilipaswa kwenda pamoja na msuli katika kila mchoro. Rotoskopu ilisaidia pale watu walipotembea au kuketi, lakini hapakuwa na mtu wa kupigwa picha akizuia jengo lisianguke. Hapo mchoraji alirudi kwenye akili yake na mgongo wake mwenyewe, akauliza: kama ningekuwa mimi, ningekanyaga wapi?

Hadithi ya picha hii ni fupi. Sauti ya mtangazaji inaeleza kwanza asili ya shujaa, na hapa yaelezwa kuwa alilelewa katika nyumba ya mayatima. Kisha barua inafika katika ofisi ya gazeti la Daily Planet. Mtaalamu mmoja aliyechekwa na watu anatishia kuwaangamiza waliomcheka kwa mtambo utoao mwali wa kuua. Lois Lane, mwandishi wa gazeti, anamwomba mhariri aachwe aifuatie habari hiyo peke yake. Anarusha ndege yake mwenyewe hadi mlimani kwa mtaalamu yule, na huko anakamatwa na kufungwa. Usiku unapofika mtambo unawashwa. Daraja linavunjika. Kisha mwali unageuzwa kuelekea jengo refu la gazeti, na jengo linaanza kuinama.

Hapa ndipo moyo wa picha ulipo. Superman anaruka, anaweka mikono juu ya ukuta unaoanguka, na anasukuma. Jengo halitii mara moja. Linashuka bado, naye anashuka nalo, kisha linasimama, kisha, polepole, linarudi wima. Baada ya hapo anaukabili mwali wenyewe. Unampiga na kumrudisha nyuma. Anarudi, unamtupa tena. Ndipo anaanza kuupiga kwa ngumi, ngumi moja baada ya moja, akiufuata angani kuelekea ulikotoka, kama mtu apandaye mto wenye nguvu kwa kupiga maji kwa mikono. Hakuna ngumi iliyo rahisi. Kila moja inampatia hatua chache, na ile ifuatayo huanza pale iliyotangulia ilipoishia. Hatimaye anafika, mtambo unalipuka, naye anamwokoa Lois pamoja na yule yule aliyetaka kuua, na kumpeleka gerezani akahukumiwe.

Wachoraji walikuwa wamepata jibu la swali lao. Walipomkosea shujaa kitovu cha kuchomwa sindano, walimpa uzito wa dunia. Mwili wake haudhuriki, ila vitu anavyovishika havikukubali kuwa vyepesi kwa ajili yake. Jengo ni jengo hata likishikwa na Superman. Kwa hiyo mtazamaji hamwogopei asife; anaogopa asije akachelewa, asije akashindwa kulizuia, na hofu hiyo yatosha. Ni hofu iliyo karibu zaidi na maisha ya watu, kwa kuwa ni wachache wapigwao risasi, lakini kila mtu amewahi kubeba kitu kilichokaribia kumshinda.

Jambo hilo laonekana hata katika namna ya kwenda kwake angani. Katika magazeti ya mwanzo Superman hakuwa akipaa kama ndege. Alikuwa akiruka, akijitupa kutoka ardhini na kurudi ardhini. Mtangazaji wa picha hii bado anamsifu kwa kuruka majengo marefu kwa mruko mmoja. Ndiyo maana katika picha za mwanzo mwendo wake angani una mwanzo na mwisho. Hukunja magoti, hujikusanya, ndipo huondoka. Na anapokwenda, mwili wake huelemea upande unaotakiwa kama mwili wa mpiga mbizi. Kupaa kwa raha kulikuja baadaye, na kulipokuja, sehemu ya utamu ilipotea.

Hapana budi kukiri kasoro. Wahusika ni wachache na tabia zao zimekatwa kwa mkasi mmoja. Katika picha nyingi za mfululizo huu Lois anajitia katika hatari, Superman anamtoa, na Clark Kent anarudi akijifanya hajui. Hata hivyo Lois si pambo. Katika picha ya pili, iitwayo The Mechanical Monsters, mashine zenye umbo la mtu zinakuja kuiba vito, na Lois anajificha ndani ya mwili wa mashine mojawapo ili aipate habari. Huyo ni mwandishi hodari kuliko wengi wenye kumcheka. Picha ya kwanza ilipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya mwaka 1941 katika fungu la katuni fupi. Tuzo ikaenda kwa Lend a Paw ya Walt Disney, picha ya mbwa Pluto na paka mdogo. Waliohukumu hawakukosa sababu, kwa maana hadithi ya mbwa yule ina upole ambao Superman hana. Lakini katika elimu ya kuonyesha uzito, picha ya Fleischer haikuwa na mwenzake.

Sasa ni lazima kutaja upande wa giza, kwa kuwa sifa isiyotaja aibu ni hongo. The Mechanical Monsters ilitolewa tarehe 28 Novemba 1941. Siku tisa baadaye Wajapani walishambulia Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. Karibu na wakati huo huo ndugu wawili wa Fleischer walitengana na studio yao: Dave aliondoka mwishoni mwa mwaka 1941, Max akatolewa mwanzoni mwa mwaka 1942. Picha tisa za mfululizo zina jina lao. Nane za mwisho zilitengenezwa na wachoraji wale wale kwa sehemu kubwa, chini ya jina jipya, Famous Studios.

Ya kwanza miongoni mwa hizo nane, iliyotolewa Septemba 1942, iliitwa Japoteurs, jina lililo tusi. Humo mtu wa asili ya Kijapani, mwenye kazi na ofisi Marekani, anafichuka kuwa jasusi na anaiteka ndege kubwa ya kivita. Ubaya wa picha hiyo hauonekani wote mpaka ikumbukwe yaliyokuwa yakitendeka nje ya jumba la sinema. Mnamo Februari 1942 Rais Roosevelt alitia sahihi amri ambayo kwayo watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa, walitolewa majumbani mwao na kuwekwa makambini. Shujaa aliyetungwa na wana wa wahamiaji, aliyekuwa yeye mwenyewe mtoto mgeni aliyeokolewa na watu asiowajua, alitumiwa kuwafundisha watazamaji kuwa jirani mwenye uso mwingine ni adui.

Machi 1943 ikatoka Jungle Drums. Wajerumani wa Hitler wamejificha msituni ndani ya sanamu kubwa, mkuu wao akijifanya kuhani, na watu weusi wa mahali pale wamechorwa kundi moja lisilo na jina, lidanganywalo kama watoto, likicheza kuuzunguka moto huku Lois amefungwa mtini. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hawezi kuitazama picha hiyo bila kukumbuka ukweli. Miaka miwili kabla yake askari wa keya, yaani wa King's African Rifles, walikuwa wamepigana na Waitaliano Somalia na Uhabeshi. Mwaka 1942 walikuwa wamepigana Madagaska. Na mwaka 1944 walikuwa wakipita katika matope ya Burma kuwafukuza Wajapani. Watu hao walikuwa wakiwapinga washirika wa Hitler, na Hitler mwenyewe, kwa miili yao, nao hawakuwa na uzito wa Superman wala mwili wake usiopenywa na risasi. Mchoraji aliyeweza kuhesabu uzito wa jengo zima hakuweza kuhesabu uzito wa mtu mmoja mweusi.

Hapo yaonekana kuwa sifa na kosa la mfululizo huu vina mzizi mmoja. Nguvu ina heshima pale inapopambana na kitu chenye uzito wake wa kweli. Jengo lilipewa uzito, na ndiyo sababu kuliinua kukawa tendo la heshima. Adui wa vita hakupewa uzito. Alifanywa kinyago, na kumshinda kinyago si ushujaa. Ndiyo maana picha za vita, ingawa zilichorwa na mikono yenye ujuzi ule ule, zimechakaa, na ile ya kwanza ingali hai. Propaganda huwa na haraka, na haraka haina wakati wa kumtazama mtu.

Waliozitenda kazi hizi hawakupata faida iliyolingana na jasho lao. Siegel na Shuster walikwenda mahakamani mwaka 1947 kumdai shujaa wao, wakapewa fedha kidogo na kupoteza haki yao. Majina yao yakaondolewa katika hadithi. Ni mwaka 1975, baada ya magazeti kutangaza umaskini wao, kampuni iliyommiliki Superman ilipokubali kuwapa posho ya kila mwaka na kuyarudisha majina yao. Shuster alifariki mwaka 1992, Siegel mwaka 1996. Max Fleischer alifariki mwaka 1972, Dave mwaka 1979, na hakuna aliyepata tena studio kubwa kama ile. Naye Max, kabla ya kuhamia Miami, alikuwa bwana aliyegomewa na wafanyakazi wake. Katika habari hii aliyenyimwa leo mara nyingine ndiye aliyenyima jana.

Mbegu yao, hata hivyo, iliota mahali pasipotazamiwa. Hayao Miyazaki, mchoraji na mwongozi wa sinema wa Japani, alizaliwa Januari 1941, mwaka ule ule ilipotoka picha hii. Mashine zenye umbo la mtu na mabawa zilizomo katika picha yake Laputa, iliyotolewa mwaka 1986, zina udugu ulio wazi na zile za The Mechanical Monsters. Mtoto wa taifa lililochorwa kwa dhihaka mwaka 1942 alichukua kilicho chema katika kazi ile, akampa mtu wa chuma kazi ya kulinda viota vya ndege na kuweka maua kaburini. Huko Marekani nako, waliotengeneza mfululizo wa Batman wa mwaka 1992 walijifunza kwa wazi kutoka katika vivuli na majengo marefu ya Fleischer.

Kuna sababu nyingine ya kuitazama picha hii katika zama za kompyuta. Siku hizi miji mizima huporomoka katika sinema ndani ya dakika moja, na mashujaa hutupiana milima. Ufundi ni mkubwa, lakini mara nyingi hakuna kinachoonekana kizito, kwa kuwa hakuna kinachoonekana kugharimu kitu. Picha ya mwaka 1941 ina jengo moja tu liinamalo na mwali mmoja tu wa kupigwa ngumi, na mtazamaji hujikuta amekaza mikono yake mwenyewe. Anayejifunza kuandika hadithi, anayejifunza kuchora, na hata anayetaka kujua tu kwa nini kitu fulani humgusa na kingine humpita, atapata katika dakika hizo kumi somo ambalo vitabu vingi vingelieleza kwa kurasa mia.

Wala hatahitaji kulipa. Haki ya umilikaji wa picha hizo 17 haikuhuishwa kwa wakati, na kwa hiyo katika Marekani zimekuwa mali ya umma. Mtu ye yote mwenye intaneti aweza kuzitazama. Atakayefuata shauri jema ataanza na ile ya kwanza, kisha The Mechanical Monsters, na baada ya hizo atatazama Japoteurs na Jungle Drums bila kuyafumba macho. Akizitazama kwa mpango huo ataona mkono mmoja ukitenda mema na mabaya, naye atajua kutofautisha nguvu inayobeba na nguvu inayoonea, jambo ambalo wanasiasa wengi hawajajifunza hata leo.